Kauli ya Injinia

Cornel Mazengo aliitwa Injinia kabla hajawahi kuona injini ikifunguliwa. Jina hilo alipewa kanisani, kijijini kwao Haneti, Jumapili moja ya mwezi wa tisa. Alikuwa na miaka ishirini, na ndiyo kwanza amechaguliwa kwenda kusomea uhandisi wa mitambo katika chuo kimoja cha Mbeya. Mwinjilisti Eliakimu alimsimamisha mbele, akamwekea mikono kichwani, akaomba kwa Kigogo na kwa Kiswahili, halafu akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo asisikike mtu akimwita kijana huyu Cornel. Vigelegele vikapasua paa. Wenye mbuzi walitoa mbuzi, wenye mtama walitoa mtama, na bibi mmoja asiye na chochote akatoa kuku aliyekuwa anatamia. Hata mama yake mzazi, Generosa, aliyekuwa akimwita Cornel tangu anamnyonyesha, aliliacha jina hilo palepale kanisani na hakulirudia tena.

Nia yao ilikuwa njema kabisa, na ndiyo iliyomfunga. Hakuna aliyemuuliza kama anapenda mitambo. Yeye alipenda ramani na habari za mvua na mawe, lakini shuleni kijana mwenye akili alipelekwa kwenye fizikia na hesabu, na mwenye fizikia na hesabu akapelekwa kwenye uhandisi, na Cornel alikwenda alikopelekwa. Muhula wa pili haukuisha kabla hajajua kwamba yeye na mashine hawaelewani. Ukimpa hesabu ya joto na mgandamizo, anaikokotoa mpaka mwisho bila kosa. Ukimpa spana, mikono inaanza kutoka jasho. Siku moja aliandika barua ya kuomba kubadili kozi. Aliiandika vizuri, akaikunja, akaitia kwenye bahasha, halafu akamkumbuka yule kuku na mayai yake yaliyoachwa yapoe. Barua akaichana.

Alimaliza chuo kwa kusukumasukuma. Baada ya hapo alizunguka na bahasha ya kaki miaka minne, Dodoma, Morogoro, Dar es Salaam, mpaka pembe za vyeti zikachakaa. Baba yake alifariki katikati ya miaka hiyo, akamwachia ukubwa wa nyumba na hana hata kiti cha kukalia. Mwishowe bwana mmoja mnene, mcheshi, aitwaye Castory, mwenye duka la spea mjini Dodoma, alimchukua akae kaunta. Sasa Cornel ana miaka thelathini na minne. Amekaa kaunta hiyo miaka sita akiuza beringi, mikanda, oili sili na grisi, na jioni anarudi kwenye chumba chake cha kupanga mtaa wa Kikuyu.

Kazi hiyo si ya aibu. Wapo wanaosomesha watoto nayo na kulala usingizi. Aibu aliileta mwenyewe, siku mama yake alipomuuliza kwenye simu kama amepata kazi, naye akajibu kwamba ndiyo, amepata kwenye kampuni ya mitambo. Krismasi iliyofuata msambazaji mmoja wa spea aligawa ovaroli za bluu kwa wateja wake, zimeandikwa mgongoni jina la kampuni ya mitambo kwa herufi kubwa. Castory alimpa Cornel moja. Akaivaa kwenda nayo Haneti. Watoto walimfuata nyuma wakisoma mgongo wake kwa sauti, na mama yake akalia kwa furaha mlangoni. Tangu hapo kila Krismasi ovaroli hiyo inapigwa pasi.

Pengine angeendelea hivyo mpaka kuzeeka kama isingekuwa injini ya kisima.

Ilikuwa miaka miwili iliyopita, mwezi wa kumi, wakati jua la kule linapokausha mpaka mate. Injini ya dizeli inayovuta maji ya kijiji ilizimika asubuhi ikakataa kuwaka. Mzee Matonya, fundi wa mashine ya kusaga, alikuja na spana yake ndogo. Matonya aliiacha shule darasa la nne, na hakuna injini ya pande zile ambayo hajaitia mikono. Lakini alipofika akaambiwa kwamba Injinia amepigiwa simu na yuko njiani. Mzee akairudisha spana mfukoni, akatafuta kivuli, akakaa. Hiyo ndiyo adabu ya watu wa pale: msomi akiwa njiani, asiyesoma hatii mkono.

Cornel alishuka kwenye gari akiwa ndani ya ovaroli. Ndoo zilikuwa zimepangwa foleni mpaka kwenye miti ya mikakaya, na kila mwenye ndoo alikuwa anamtazama yeye. Angeweza kusema, "Mzee Matonya, hebu tuangalie wote." Sentensi moja tu, na siku ingekwisha salama. Badala yake akaanza kufungua. Alifungua hiki, akafungua na kile, hofu ikimsukuma, mpaka akafika kwenye gia za ndani ambako hakuna aliyemtuma. Mdogo wake wa mwisho, Dorkasi, aliyekuwa kidato cha tano na amekuja likizo fupi, alikuwa amechuchumaa karibu yake, ameshika bakuli la boliti.

Wakati wa kurudishia, Dorkasi alisema kwa sauti ya chini, "Kaka, kwenye hizo gia kuna vidoti viwili. Vilikuwa vinatazamana."

"Shika bakuli," Cornel alimjibu, mbele za watu wote.

Akashika bakuli. Binti wa nyumba ile hamsahihishi kaka yake hadharani, na kusema mara moja tu kulikuwa tayari ni kuthubutu.

Vijana wakazungusha hendeli. Ilisikika kelele ya chuma kugonga chuma, halafu kimya. Vali zilikuwa zimepinda, kwa sababu vile vidoti havikutazamana tena. Cornel alisimama, akajifuta mikono polepole kama daktari aliyepoteza mgonjwa, akatangaza kwamba injini hiyo ilifungwa spea feki tangu mwanzo na haifai tena. Watu walitikisa vichwa kwa masikitiko wakamwamini. Miezi miwili wanawake wa Haneti walichimba mchanga korongoni kutafuta maji, na mama yake Generosa, mwenye nyonga mbovu, alikuwa mmoja wao.

Ubaya ni kwamba aliijua kweli siku ileile, ndani ya gari la kurudi mjini. Walimwambia mapema kwamba asubuhi dizeli iliisha, wakajaza upya. Hewa iliingia kwenye mpira wa mafuta, basi. Unalegeza nati moja, unapampu kwa dole gumba mpaka hewa itoke, unakaza. Spana ndogo ya Matonya ilikuwa ya nati hiyohiyo. Cornel aliegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha akatamani gari lipinduke. Alipokwenda Krismasi alisikia kwamba Matonya ameitengeneza injini na maji yanatoka. Hakuuliza imetengenezwaje.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe, Ijumaa moja ya mwaka huu, upepo wa kiangazi ukipeperusha mifuko ya plastiki mtaani. Dorkasi alikuwa amemaliza kidato cha sita na kupata daraja la kwanza. Vyuo viwili vilimchagua. Kimoja kilimpa uhandisi wa mitambo, kingine, hapahapa Dodoma, kule Chimwaga, kilimpa ualimu wa fizikia na hesabu. Sharti lilikuwa athibitishe kimoja kwenye simu kabla dirisha halijafungwa Ijumaa hiyo saa kumi na mbili jioni. Mama alimpandisha kwenye gari alfajiri na agizo moja: asibonyeze kitu chochote mpaka asikie kauli ya Injinia, uso kwa uso.

Cornel alikuwa amemwelekeza aende moja kwa moja Kikuyu, amsubiri chumbani. Lakini jirani yake, dada mmoja mkarimu anayeitwa Hana, alimwona binti wa watu amekaa na begi mlangoni, akamhurumia. "Kaka yako yuko dukani kwa Castory, siku zote yuko huko," akamwambia, na akampeleka mwenyewe mpaka kona.

Saa saba na nusu Cornel aliinua macho kutoka kwenye boksi la mikanda akamwona Dorkasi amesimama upande wa wateja.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alisema. Miaka sita ya kampuni ya mitambo ilimwangukia kwenye sakafu ya duka. Alianza kutafuta uongo mwingine wa kuziba.

Castory, ambaye hakujua lolote, alichangamka. "Ooh, ndiyo mdogo wako huyu? Karibu, binti. Huyu ndiye mtu wangu wa kaunta, bila yeye duka silijui." Akawaachia benchi la nyuma, kwenye mapipa ya oili, akarudi mbele kupiga soga na wateja.

Waliketi. Cornel akaanza kusema kwamba kampuni imemweka pale kwa muda tu, na Dorkasi akatazama chini mpaka alipomaliza.

"Kaka, nilijua tangu zamani," alisema kwa upole. "Ovaroli yako haikuwahi kuwa na grisi. Sikumwambia mama, na sitamwambia."

Afadhali angemtukana. Tusi lina majibu. Cornel akauliza habari za nyumbani, za mahindi yaliyobaki, za nyonga ya mama, na Dorkasi akajibu kila moja kwa adabu, huku macho yake yakikimbilia saa ya ukutani. Hatimaye alifungua begi akatoa daftari la kaunta, akaliweka magotini mwa kaka yake.

Kurasa zilijaa michoro ya penseli. Pistoni, vali, pampu ya dizeli, gia, kila kitu na jina lake pembeni, mengine kwa Kiswahili cha mafundi, mengine kwa Kiingereza cha shule. Ukurasa mmoja ulikuwa na gia mbili kubwa, na vidoti viwili vinatazamana.

"Mzee Matonya macho yamemwisha," Dorkasi alieleza. "Ile Desemba tulipoifunga injini ya kisima hakuweza kuona alama. Akaniambia nitie vidole mimi. Nikaifunga, ikawaka hendeli ya pili. Tangu hapo kila likizo ninakwenda kwake kwenye mashine." Halafu akajikaza. "Mimi moyo wangu uko kwenye mitambo, kaka. Ila mama amesema kauli ni yako."

Basi ni huyu. Cornel aliutazama ule mchoro mpaka mistari ikaanza kucheza. Mtu aliyesafisha uchafu wake alikuwa mtoto aliyeambiwa ashike bakuli, na kijiji kizima kilikuwa kimelificha hilo ili kumlindia heshima yake. Walijua. Matonya alijua, mwinjilisti alijua, pengine hata wale waliozungusha hendeli. Krismasi zote mbili zilizopita walimwita Injinia huku wanajua.

Alianza kuongea. Alimweleza kwamba amezunguka miaka minne na vyeti mkononi mpaka soli za viatu zikaisha. Alimweleza kwamba darasani kwao walimaliza zaidi ya arobaini na wenye kazi za uhandisi wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wawili wanaendesha bodaboda. Mmoja alirudi kwao kulima alizeti na hapokei simu za wenzake. Alimweleza kwamba viwandani mwanamke anaulizwa kwanza ataolewa lini. Walimu wa fizikia, kwa upande mwingine, shule zinawalilia. Chimwaga ni karibu, angeweza kwenda kumwona mama kila mwisho wa mwezi.

Kila neno lilikuwa kweli. Angekuwa mtu mwingine anasema, au angekuwa yeye na moyo mwingine, ungekuwa ushauri mzuri wa kaka kwa mdogo wake. Lakini chini ya maneno yale kulikuwa na wivu, tuuite kwa jina lake. Alimwona Dorkasi miaka kumi ijayo amesimama pale kisimani, mikono imejaa grisi ya kweli, na watu wakikumbushana kila injini inapowaka kwamba kuna mwingine aliitwa Injinia. Na chini ya wivu kulikuwa na uchovu. Alikuwa amechoka kiasi kwamba tumaini la mtu mwingine lilimuumiza kama mwanga kwa mgonjwa wa macho.

"Soma ualimu," alimaliza.

Dorkasi alilifunga daftari. Aliweka vidole vyake juu ya jalada.

"Ndiyo kauli yako, kaka?"

"Ndiyo."

Hakubishana. Alitoa simu, akaingiza namba zake za siri, akateremsha kioo kwa kidole mpaka penye ualimu, akathibitisha. Aligeuza simu ili kaka yake aone. Halafu akasema, akiwa anaangalia mapipa ya oili, "Wameandika kwamba mtu akibadili mawazo, anaruhusiwa mpaka saa kumi na mbili." Akangoja. Cornel aliinuka akaenda kuchukua maji ya kunywa.

Kabla ya kuondoka, Dorkasi alisimama kwenye kaunta kama mteja yeyote. Mzee Matonya alikuwa amemwagiza beringi ya mashine ya kusaga.

"Sita tatu sifuri tano," alisema, "iliyofunikwa pande zote mbili."

Cornel alimpa. Dorkasi aliitoa kwenye karatasi yake, akaitia kidole katikati, akaizungusha karibu na sikio, amefumba macho. Akairudisha. "Hii inakwaruza. Naomba nyingine." Ya pili aliisikiliza vilevile, akaridhika, akaifunga kwenye kona ya khanga.

Castory alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Aisee, binti huyu tumbakishe dukani, wewe Cornel nenda ukalale!" Wateja wawili waliokuwepo nao wakacheka. Dorkasi alitabasamu kwa heshima, akamuaga kila mtu, akamshukuru kaka yake kwa muda wake. Ahsante hiyo haikuwa na kijembe ndani yake. Cornel alikitafuta sana, hakukiona.

Saa tisa alikuwa ameondoka. Cornel alirudi kwenye mikanda yake. Alihesabu boksi moja mara tatu akapata majibu matatu. Alichukua simu akaandika, "Dorkasi usiende kwanza," akaifuta. Akaandika, "Fanya unachotaka," akaifuta hiyo nayo, kwa sababu alimfahamu mdogo wake: hangefanya anachotaka, angengoja aambiwe waziwazi. Ilibidi aandike neno moja tu, mitambo. Vidole vyake vilikuwa vizima na simu ilikuwa na chaji. Hakuna kitu duniani kilichomzuia, na ndicho kilichomtisha. Miaka yote alikuwa amewalaumu kanisa, baba, chuo, serikali na yule kuku. Leo hapakuwa na wa kumlaumu, na bado hakuandika.

Saa kumi na robo simu iliita. Alikuwa mama.

"Mbukwa, Injinia," alimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtoto amenipigia yuko stendi anangoja gari. Ananiambia umesema ualimu."

"Ndiyo, mama."

"Sawa, wewe ndiye unayejua." Upepo wa Haneti ulisikika ukipuliza kwenye simu. "Ila sauti yake sijaipenda. Na Matonya alikuja hapa asubuhi, akakaa mpaka chai ikapoa. Anasema huyu ana mkono wa mashine, tusimpeleke kwingine. Mimi sijasoma, na Matonya naye hajasoma, tunaongea tu. Ndiyo maana nakuuliza wewe uliyeisomea mpaka mwisho. Kama ni suala la kazi kukosekana, Mungu yupo, tutasubiri. Nataka kujua moja tu. Hiyo kazi, Dorkasi angeiweza?"

Cornel aliitazama saa ya ukutani. Muda ulikuwepo, wa kutosha kabisa. Jibu alilijua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote, lilimjaa mdomoni, na kwa kitambo kifupi alidhani litatoka lenyewe.

"Hapana, mama," alisema. "Asingeiweza."

Generosa alishusha pumzi ndefu. "Basi. Afadhali nimesikia kwako. Akishuka kwenye gari nitamwambia hivyohivyo, kwamba kaka yako amekupima akaona huwezi, asiendelee kujipa moyo bure."

Akamtakia baraka, akakata. Cornel alibaki ameshikilia simu sikioni mpaka mteja alipogonga kaunta na kuuliza kama wana mkanda wa pampu ya maji.